Jina Lililorukwa

Kingstanding,
Birmingham,
Uingereza.

Jumapili, 29 Julai 2018

Wifi yangu mpendwa Mulki,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wewe na Baba na wote waliomo nyumbani. Nakuandikia nimekaa jikoni, mlango wa nyuma nimeuacha wazi, maana joto la mwaka huu hapa halijaonekana miaka mingi. Majirani wanatembea miguu mitupu na vifua wazi bila haya. Nyasi za mbele ya nyumba zimekauka zikawa rangi ya ngamia. Ningekwambia niko Isiolo mwezi wa tisa, kasoro vumbi na kelele zako.

Mguu wako umepona? Usinidanganye kama mara ile uliposema uko sawa, kumbe unatembelea fimbo. Nasikia masika ya mwaka huu yalikuwa makubwa na malisho yamejaa, basi maziwa ya ngamia unayoyauza pale sokoni yatakuwa mengi na bei imeanguka. Pole, na hongera pia, maana nani atalalamikia mvua? Na Baba? Macho yake yanaona kiasi gani siku hizi? Anakula? Bado anamfukuza yule paka kisha anamwekea maziwa pembeni akidhani hamumwoni?

Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Abdiaziz bado yuko kwenye lile ghala la Washwood Heath, anaingia kazini kabla jua halijachomoza, anarudi mgongo unamuuma na hasemi. Unamjua kaka yako. Mimi bado nawahudumia wazee majumbani mwao, nawaogesha, nawapa dawa, nasikiliza habari za waume zao waliokufa. Najmo ametimiza miaka tisa. Amekuwa miguu tu, mrefu, na ndara zangu anaziburuta nyumba nzima. Kiswahili anaelewa chote, hasa ukimsengenya, lakini akijibu anajibu Kizungu. Kisomali ni vivyo hivyo.

Utajiuliza kwa nini barua, na simu ipo. Wifi yangu, kwani simu inapokelewa? Tangu Desemba, kila Ijumaa tukipiga, unapokea wewe, unatwambia Baba amelala, na nyuma yako namsikia akikohoa. Mtu aliyelala hakohoi vile. Sikulaumu. Ungefanyaje?

Jambo lenyewe tunalijua sote, lakini acha niliandike, maana tangu lianze hakuna aliyelitamka mpaka mwisho. Desemba ile Najmo alipata cheti cha kuogelea, nikakipiga picha nikakutumia, nikijua mtafurahi. Ukamsomea Baba: Najmo Abdiaziz Dekow. Akakwambia usome tena. Ukasoma tena. Sasa mtoto huyu ni Najmo wa Abdiaziz, wa Mohamedamin, wa Dekow, na Mohamedamin ndiye Baba. Kwenye kile cheti Najmo ametoka kwa baba yake akaenda moja kwa moja kwa baba wa babu yake, na katikati hapana mtu. Uliniambia Baba alisema hivi: "Abdiaziz amenizika nikiwa hai. Ameona jina langu linamchelewesha uwanja wa ndege, akalitupa." Tangu siku hiyo hajashika simu.

Barua hii ataileta Edah, muuguzi, mtu wa Meru, ninafanya naye kazi. Anakuja likizo kabla ya Idi na ameapa ataifikisha Isiolo mpaka mkononi mwako. Nimeandika Kiswahili, maana Kisomali changu cha kuandika unakijua, ni kama kuku amepita juu ya unga. Msomee Baba. Msomee baada ya alasiri, akishakunywa chai yake, na usiruke mahali, hata pale nilipokusema wewe. Nyumba hii imeshapata taabu ya kutosha kwa kuruka.

Haya basi. Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe ishirini na moja, tulitoka matembezi, nyumba nzima. Hilo peke yake ni habari.

Tuliponzwa na Mzee Kewal. Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa huyu mzee, Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Alikuwa fundi wa reli kabla hajaja huku, miaka hamsini iliyopita, na Kiswahili chake bado kiko Kisumu mpaka leo. Siku ya kwanza aliponisikia nimetoka kuanua nguo, namkemea Najmo kwa Kiswahili, aliangusha ndoo yake ya kumwagilia nyanya. Tangu hapo tumekuwa ndugu. Mjukuu wake Ranvir ni mwalimu, lakini siku za mapumziko anavaa mavazi ya askari wa Kihindi wa vita vya kwanza vya dunia na kwenda kwenye maonyesho kuwaeleza watu habari zao. Ndiye aliyetupa tiketi.

"Mama Najmo," Mzee Kewal akaniambia, "kesho mimi kuja na gari saa tatu. Viti iko, chai iko. Wewe leta watu tu."

Abdiaziz alikataa. Tangu ile habari ya cheti amekuwa mtu wa kukaa na kikombe mpaka kinapoa. Nikamwambia, "Mtoto amefunga shule, wewe una siku moja ya kupumzika, na unautazama ukuta. Ukuta umekukosea nini?" Akavaa viatu.

Sasa nikueleze, maana mimi sikuwahi kuona kitu kama hiki. Ni uwanja mkubwa nje kidogo ya mji, na watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wamevaa nguo za watu waliokufa zamani. Kila kundi na zama zake. Huku Warumi, kule Waviking, kisha wapanda farasi waliojifunika chuma mwili mzima kwenye jua lile, maskini, kisha askari wa siku zile mfalme wao alipopigana na bunge. Huyo mfalme, Mzee Kewal anasema, eti ndiye aliyesimama pale kwetu, mtaa ukaitwa Kingstanding, yaani mahali mfalme aliposimama. Na mwisho kabisa askari wa 1914. Wote uwanja mmoja, siku moja. Nilimwona Mrumi na upanga wake amesimama foleni ya aiskrimu, mbele yake nesi wa vita vya kwanza, na hakuna aliyemshangaa mwenzake.

Penye hema za watu wa zama za kati palikuwa na mama mmoja anapika, watu wamemzunguka wanampiga picha. Mulki, mafiga! Mawe matatu, chungu, kuni mbichi, naye anapuliza huku machozi yanamtoka. Watu wamelipa kiingilio kuja kuangalia kitu ambacho mama yangu alikifanya bure maisha yake yote. Nilivumilia, nikavumilia, mwisho nikashindwa. Nikainama, nikatoa kuni mbili, nikaziinua zile nyingine hewa ipite, moto ukashika pu! Watu wakapiga makofi. Yule mama akanishukuru sana, akaniangalia kuanzia mtandio hadi chini ya jilbabu, kisha akaniuliza kwa adabu zote mimi ni wa karne gani.

Nikamwambia mimi ni wa Kingstanding, tumekuja na gari.

Uso ulimwiva, akaniomba msamaha mara tano. Mzee Kewal alicheka mpaka kilemba kikalegea. Najmo akajifanya hanijui, akaenda kusimama na familia nyingine.

Upande mmoja walikuwa wanachoma nguruwe mzima kwenye chuma, harufu imetanda kila mahali. Abdiaziz akatuhamisha sisi na viti vyetu mara tatu, kila upepo ulipogeuka, kama mchungaji anayekwepa mbung'o. Mwishowe tukatulia karibu na farasi, tukala sambusa zangu na chai ya Mzee Kewal, ambayo ina tangawizi ya kukuwasha mpaka masikio. Hapo nilimwona kaka yako akicheka. Tangu Desemba sikuwa nimeyaona meno yake.

Baadaye tukaenda kwenye hema la Ranvir. Alipendeza, mashallah, kasimama wima na sare yake ya kaki na kilemba. Kulikuwa na ubao mrefu wenye majina ya askari waliotoka Punjab wakafia Ufaransa na kwingineko. Mzee Kewal alikwenda moja kwa moja mahali anapopajua, akaweka kidole kwenye jina moja, akakaa hivyo.

"Huyu nani, Mzee?" Abdiaziz akamwuliza.

"Ndugu ya babu yangu. Hapana rudi. Kaburi hapana, picha hapana. Jina tu iko." Akaondoa kidole polepole. "Mimi kuja kila mwaka, nasalimia."

Abdiaziz akatoka nje ya hema.

Najmo alikuwa ameshatutangulia. Hatua chache mbele palikuwa na hema la mistari, na ndani yake mwanamke mwenye nywele nyeupe, kavaa joho lenye simba, na kalamu ya unyoya. Alitueleza kwamba zamani wafalme walikuwa na watu wa kazi hiyo, kuandika nasaba, nani ni mtoto wa nani, ili mtu asije akajifanya wa ukoo asiokuwa wake. Nikasema moyoni, kumbe na hawa walikuwa na akili. Siku hiyo alikuwa anawaandikia watoto. Mtoto anakaa kwenye kigoda, anataja jina lake, la baba, la babu, naye anaandika kwenye karatasi nene yenye visanduku saba, kutoka chini kwenda juu.

Tukapanga foleni. Watoto wa mbele yetu hawakufika mbali. Mmoja alifika kwa babu akakwama, akamtazama mama yake, na mama akatazama simu. Mwingine alimtaja babu, kisha mbwa wa babu. Sikuwacheka. Haya, niliwacheka kidogo. Lakini nilikuwa nahesabu watoto waliobaki mbele, maana zamu ya wangu ilikuwa inakaribia na sikujua atasema nini mbele za watu.

Unazikumbuka Ijumaa zile za kabla ya cheti. Baba akiwa kwenye simu anamhesabia wazee wake, anaanza mwanzo kila mara, na kila baada ya wiki kadhaa anaongeza jina moja. Ndivyo alivyofundishwa na Dekow, na ndivyo alivyowafundisha wewe na Abdiaziz, kwamba mtoto asiyejua kuhesabu wazee wake akipotea hajui aulizie wapi. Na Najmo upande huu anachora, anavuta soksi, mwisho anasema "Sawa, Awowe", ndivyo anavyomwita babu yake, basi anakimbia. Baba alikuwa akisema ni kumwaga maji mchangani. Mimi nami niliamini hivyo, Mungu anisamehe.

Akakaa kwenye kigoda. Yule mama akamwuliza jina la ukoo. Akasema Dekow, kama alivyozoea shuleni. Na la baba? Abdiaziz. Mama akaandika haraka, kwa mwandiko mzuri ajabu: Najmo chini, Abdiaziz juu yake, kisha Dekow. Hakukosea yeye. Alifuata karatasi za nchi yake zinavyokwenda.

Najmo akaweka kidole kwenye karatasi, juu ya wino mbichi. Akasema, kwa Kizungu chake cha Birmingham, "Umemruka Awowe."

Mama akatabasamu. Akamwambia si kitu, mpenzi, imeshaandikwa kwa wino, na visanduku vyenyewe ni saba tu. Mmoja akikosekana haitaharibika.

"Unaweza kumruka yeyote wa huko juu," Najmo akamjibu. "Hao hawatajali, wote wamekufa. Lakini huyu yuko hai. Huyu atajua."

Mulki, yule mama akaweka kalamu chini, akamtazama mtoto. Kisha akaikunja ile karatasi, akatoa mpya, akasema, "Haya binti yangu, nitajie polepole. Tunaanza upya."

Najmo akamwonyesha kwa kidole sanduku la tatu, kwamba hapa ndipo pa Awowe, usisahau. Halafu akafumba macho, kama Baba anavyofumba, akaanza. Najmo, Abdiaziz, Mohamedamin, Dekow, Gedi, Samatar. Wallahi ilikuwa sauti ya Baba. Ile mbio yake, na pale anapovuta pumzi baada ya Samatar, na yeye akavuta pumzi baada ya Samatar. Abdille, Roble, Warsame. Visanduku vikajaa, mama akabandika karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Guled, Elmi, Hirsi. Hapo akasimama, akafumbua macho.

"Kuna mwingine," akasema. "Awowe alisema la baada ya Hirsi atanipa Ijumaa ijayo."

Ile Ijumaa ijayo ndiyo ya wiki ya cheti, wifi yangu. Haikuja mpaka leo.

Watu walipiga makofi, Mzee Kewal anapiga kuliko wote, machozi yanaingia kwenye ndevu. Mimi nikageuka kumtafuta Abdiaziz, sikumwona. Nilimkuta nyuma ya mzinga mmoja wa askari wa bunge, ameegemea gurudumu, analia kwa sauti. Miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kumwona akilia, hata siku alipopigiwa simu kwamba mama yenu amezikwa. Nikamshika mkono, tukakaa pale chini kwenye nyasi kavu. Askari mmoja wa zamani akaja na kofia yake yenye unyoya, akatuwekea chupa ya maji, akaondoka bila kuuliza.

Sasa nafika mahali nilipokuwa napakwepa tangu nianze barua hii. Nimejikaza kisabuni nimefika. Baba, hapa naomba niseme na wewe mwenyewe, Mulki anakuazima sauti tu.

Baba, Abdiaziz hakulitupa jina lako. Hakuwepo. Najmo alipozaliwa, Abdiaziz alikuwa anafanya zamu mbili, na mimi ndiye niliyekwenda kumwandikisha. Nilikuwa nimetoka arubaini siku moja kabla, na sheria ya hapa inatoa siku arubaini na mbili tu. Karani akaniuliza jina la ukoo la baba. Karatasi za Abdiaziz, zile alizotoka nazo Uholanzi, zililigeuza jina lake la tatu likawa la ukoo, ndilo Dekow. Nikajibu Dekow. Karani akaandika, akanigeuzia nisome kabla ya kutia sahihi. Nikasoma. Nikaona kabisa kwamba wewe humo. Usiseme hakujua, Baba, nilijua. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, mtoto analia, maziwa yananivuja, na basi langu linakaribia kupita. Nikajiambia nitakuja kurekebisha. Nikatia sahihi.

Jioni Abdiaziz aliposoma aliniuliza tu kama nimekula. Basi. Na Desemba uliposema yale uliyoyasema, nilimwomba aniache niwaambie kwamba ni mimi. Akakataa. Aliniambia, "Baba akinikasirikia mimi, mimi ni mwanawe, atarudi. Akikukasirikia wewe, wewe ni mtoto wa watu." Miezi saba amelibeba kosa langu mgongoni pamoja na maboksi ya ghalani, nami nimemwachia. Niliogopa. Nilikuwa naipenda mno ile namna yako ya kuniita binti yangu kwenye simu, nikaona nikisema sitaisikia tena. Kumbe sikuisikia hata hivyo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu nimeyazaa mwenyewe, nikayanyonyesha, na juzi yamenisuta mbele ya Warumi.

Nisamehe, Baba. Na ukiona bado huwezi kunisamehe mimi, msamehe mwanao, maana yeye hana alilokosa ila kunificha.

Mulki, endelea. Najua umesimama kunitukana kimoyomoyo. Haki yako.

Hatukukaa kimya tena. Jumatatu yake tulijaza karatasi za kubadilisha jina la mtoto. Walitaka shahidi asiye ndugu, basi Mzee Kewal akaja amevaa tai, na kalamu yake ya wino ya tangu Kisumu. Nikamwambia tai ya nini, ni sahihi moja tu. "Hapana, Mama Najmo," akasema, "hii si risiti ya duka. Hii ni babu ya mtu." Akaandika jina lake taratibu, akalipuliza likauka. Shule ikifunguliwa Septemba, mwalimu akiita majina ataita Najmo Mohamedamin, na ulimi ukimshinda ajizoeze. Na habari ya uwanja wa ndege, Abdiaziz anasema wakitaka kutuchelewesha watucheleweshe, tutakaa tunywe chai.

Pamoja na barua hii Edah atakupa bomba gumu la karatasi, limefungwa kwa leso yangu ya kijani. Leso ni yako, ile uliyoitamani ukaona haya kuiomba. Kilichomo ndani ni cha Baba. Mfungulie karibu na dirisha, herufi ni kubwa, huenda akaziona. Pembeni mwa jina lake, sanduku la tatu, kuna doa jeusi. Usilifute, si uchafu. Ni kidole cha Najmo, kilikuwa bado na wino alipokuwa anamwonyesha yule mama pa kuandika. Mshike Baba mkono, uweke kidole chake hapo.

Juu kabisa, baada ya Hirsi, pako wazi. Tukiwa garini tunarudi, Abdiaziz alitaka kumwambia mtoto jina linalofuata. Najmo akaziba masikio kwa viganja viwili, akaimba kwa nguvu mpaka tulipofika mlangoni, Mzee Kewal naye anamwitikia kwa Kipunjabi. Anasema aliyemwahidi ni Awowe.

Siku ya Idi tutapiga simu baada ya swala, itakuwa kama saa tano za huko kwenu. Mimi sitasema kitu. Wewe pokea, kisha mpe.

Nisalimie sana shangazi Raho na umwambie ubani wake bado ninao, nauchoma kidogo kidogo. Ukipita Bulapesa mwingilie mama yangu, umwambie kuna Wazungu wanalipa kumwona mtu akipuliza moto, aje tutajirike. Salamu kwa watoto wote wa hapo mlangoni. Mungu ayatie nuru macho ya Baba, akuondolee maumivu ya mguu, aibariki mifugo na wanaoichunga, na atukutanishe tukiwa hai sote, hakuna aliyekosekana.

Chini hapa nimeacha nafasi. Najmo anataka kuandika mwenyewe, kwa Kiswahili, na amenikataza kuchungulia.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, pamoja na fimbo yako unayoificha,

Dahabo

Awowe, baada ya Hirsi ni nani? Mimi nangoja.

Najmo Abdiaziz Mohamedamin